Sanamu za mieleka zinazopita Busia kwa bei ya fagia

Midoli ya wanamieleka wa miaka ya 1980 na 1990 hufika mpakani ndani ya maroboto ya mitumba. Ng'ambo kuna watu wazima wanaoitafuta kwa hamu. Huku huuzwa bila hata kugeuzwa mgongo.

Robota la midoli likikatwa kamba katika Soko Posta, mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wa kwanza kushikwa si mwanamieleka. Mikono hukimbilia gari lenye magurudumu yote manne, mwanasesere mwenye nywele, mpira usiovuja hewa. Hiyo ndiyo kamera, mali ya kwanza, na waliochanga pesa za robota huigawana kabla jua halijapanda.

Vilivyosalia humwagwa kwenye turubai. Hapo bei huitwa kwa sauti, hamsini, hamsini, na kufikia alasiri imeshuka hadi ishirini. Hiyo ni fagia. Ndani yake, kati ya dubu wa pamba aliyepoteza jicho na simu ya plastiki isiyo na betri, hulala wanaume wadogo wenye vifua vipana, chupi za rangi kali na nyuso zilizokunjwa.

Mgeuze mmoja wao. Mgongoni, pajani au chini ya unyayo utaona herufi ndogo zilizoinuka: jina la kampuni, alama ya hakimiliki, mwaka. Mnunuzi hazisomi na muuzaji hana haja nazo. Lakini kwa mtu mzima wa Birmingham, Toronto au Chicago aliyekuwa mtoto mwaka 1991, herufi hizo ndizo zinazoamua kama kitu hiki ni cha kutupa au cha kuwekwa kwenye kabati la kioo.

Pengo hilo la maarifa lina gharama, na wanaoibeba ni watu wa mpakani.

Njia ya robota

Makasha hushushwa bandarini Mombasa. Maroboto huuzwa Gikomba, Nairobi, kisha hupanda kuelekea magharibi. Barabara inayopita Eldoret na Bungoma hufikia mpaka Malaba. Ile ya Kisumu huufikia Busia. Shehena nyingine hupita ikiwa imefungwa lakiri, kwenda Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo. Njia za panya nazo hazijawahi kukosa wateja, huku na kule.

Tangu Februari 24, 2018, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri humaliza ukaguzi wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande anakoingia. Mfanyabiashara mdogo pia ana nafuu ya cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000.

Nafuu hiyo ni ya bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahindi ya Tororo yanaipata. Hulk Hogan wa plastiki aliyetengenezwa China, akachezewa Manchester na hatimaye kuuzwa kwa kilo, haipati.

Juu ya hayo, biashara yenyewe ya mitumba imeishi miaka mingi ikiwa na kisu shingoni. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara za mpango wa AGOA, Kenya ikajitoa, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikapoteza nafuu hizo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mwaka 2020 Kenya ilisimamisha uagizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona. Kisha Agosti 2023, akiwa Mbale, mwendo mfupi kutoka Malaba, Rais Museveni akatangaza kwamba anapiga marufuku nguo za mitumba.

Mitetemo yote hiyo ilihusu hasa nguo na viatu, lakini mchuuzi wa midoli ananunua kwa wauzaji walewale, na hofu ni ileile. Mtu asiyejua kama mali yake itakuwa halali mwezi ujao hana subira ya kusoma mgongo wa sanamu. Anataka pesa ya robota irudi leo.

Herufi tatu zinazotaja umri

Alama ya kwanza ya kutafuta ni rahisi kuliko zote. Ukiona WWF, sanamu ni ya kabla ya 2002 au karibu na hapo. Shirika la kuhifadhi mazingira lenye nembo ya panda, ambalo nalo ni WWF, lilishinda kesi katika mahakama za Uingereza, na Mei 2002 kampuni ya mieleka ikajiita WWE. Kwa hiyo herufi moja ya mwisho hugawa rundo lote la turubai mara mbili.

Baada ya hapo, pima kwa mkono. Sanamu nzito ya mpira mtupu, isiyokunja kiungo, yenye urefu wa kama sentimita 20, huenda ni ya kampuni ya LJN, iliyozitengeneza kuanzia 1984 hadi 1989. Kundi la kwanza lilikuwa na Hulk Hogan, Andre the Giant, Roddy Piper, Iron Sheik na Junkyard Dog. Rangi zake huchubuka upesi puani, kwenye nyusi na vidole, ndiyo maana iliyobaki na rangi kamili hutafutwa sana. Zile za mwisho, zilizouzwa Kanada mwaka 1989 kwenye kadi nyeusi, ni adimu kuliko za mwanzo.

Sanamu ndogo ya plastiki ngumu, ya kama sentimita 11, yenye springi kiunoni au begani inayomfanya apige ngumi au aruke, ni ya Hasbro, 1990 hadi 1994. Hizi ndizo zilizowafanya watoto wengi wa Uingereza na Marekani wapende mieleka, na watoto hao sasa wana mishahara. Ziliuzwa zikiwa zimebandikwa kwenye kadi za rangi mbalimbali. Za kadi ya kijani, za mwaka 1994, zilitoka chache kwa kuwa Hasbro ilikuwa ikifunga kazi hiyo, na ikiwa bado haijabanduliwa kadini moja huweza kufika mamia ya dola.

Kisha ikaja Jakks Pacific, kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2009. Toleo lake moja hulia kama mifupa ukikunja goti. Katika sanamu za Jakks ndimo walimo The Rock, Stone Cold Steve Austin, Rey Mysterio na Batista, majina ambayo kijana wa Malaba aliyekulia kwenye vibanda vya video anayajua kuliko majina ya madiwani wake. Mwaka 2010 kazi ilihamia Mattel, na za Mattel, isipokuwa matoleo machache, bado ni nyingi mno kuwa na bei.

> Herufi moja ya mwisho hugawa rundo lote la turubai mara mbili: za kabla ya 2002 na za baadaye.

Jitu la Uganda lililozaliwa Mississippi

Kati ya sanamu zote hizo, iko moja ambayo mtu wa mpaka huu anapaswa kuitambua hata gizani. Ni ya Hasbro, ya mwaka 1993. Mwanamume mweusi, mnene, miguu mitupu, uso na mwili vimepakwa rangi. Jina lake ulingoni ni Kamala, na alitangazwa kwa watazamaji kama Jitu la Uganda, mla watu, aliyewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Jina lake halisi ni James Harris. Alizaliwa Mei 28, 1950, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, na Uganda haikuwa na uhusiano wowote naye. Mhusika huyo alibuniwa Memphis mwaka 1982 na Jerry Jarrett na Jerry Lawler, watu wa biashara ya mieleka. Walimvika kinyago, wakampa mkuki na ngao, wakamkataza kuzungumza Kiingereza mbele ya watu.

Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Amin aangushwe, Aprili 1979. Huku Busia jina la Amin halikuwa mchezo wa jukwaani. Mwaka 1972 Waasia aliowafukuza walipita Malaba kwa treni wakielekea Mombasa, na njiani wengi walipokonywa walichobeba. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akiegemea mpaka wa kabla ya 1902, wakati eneo hili lote lilipokuwa chini ya Uganda. Mzee wa Busia aliyeishi siku zile hakuhitaji Memphis imweleze Amin alikuwa nani.

Amerika ikachukua woga huo, ikaupaka rangi tumboni na kuutumia kuuza tiketi. Kamala alipigana na Hogan, akapigana na Andre. Agosti 1992 alikutana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, na Novemba mwaka huohuo wakapambana katika pigano ambalo anayeshindwa hufungiwa ndani ya jeneza. Kamala ndiye aliyefungiwa.

Harris aliugua kisukari. Mguu mmoja ulikatwa mwaka 2011, wa pili 2012. Alifariki Agosti 9, 2020, baada ya kuambukizwa korona.

Sanamu yake ya kawaida ina nyota tumboni na haina bei ya kutisha. Lakini wakusanyaji wanajua kwamba nakala chache mno zilitoka zikiwa na mwezi tumboni mahali pa nyota. Hiyo ndiyo inayotajwa miongoni mwa sanamu za Hasbro zinazotafutwa kuliko zote, na inapopatikana huuzwa kwa maelfu ya dola. Tofauti nzima ni tone la rangi lisilozidi ukubwa wa ukucha.

Sitarajii mwezi huo uonekane Soko Posta. Nakala zenyewe ni chache kiasi kwamba wenye nazo karibu wanajulikana. Ninachotarajia ni kwamba Kamala yeyote akimwagwa kwenye turubai hapa, hatua chache kutoka Uganda ambayo jina lake lilikodishwa bila ruhusa, aliyemshika ajue anashika nini. Kuna watakaosema sanamu kama hii haifai hata kuuzwa, kwamba ni tusi lililopakwa rangi. Nawaelewa. Lakini tusi likitupwa jalalani linabaki kusimuliwa na aliyelitunga pekee. Mimi naona liwekwe mezani pamoja na habari ya James Harris, ambaye naye alitumiwa.

Bei ya kuombwa, bei ya kuuzwa

Kijana akisikia maelfu ya dola, hukimbilia simu, akaona mtu ameweka sanamu kama yake kwa dola 300, naye akatangaza yake kwa bei hiyo. Itakaa hapo hadi simu ichakae. Kila mtu ana uhuru wa kuomba bei. Wakusanyaji hutazama orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwa mfano kwenye eBay, na huko ukweli ni wa kawaida zaidi: Hasbro ya jina kubwa, iliyochezewa na isiyo na kadi, mara nyingi ni dola chache tu.

Tufanye hesabu. Dola 10, kwa kiwango cha takriban shilingi 129, ni shilingi 1,290. Kwa kitu kilichonunuliwa hamsini, faida inaonekana nono. Toa gharama ya kifurushi cha kwenda ng'ambo, toa kamisheni ya soko la mtandaoni, toa makato ya kuhamisha fedha hadi kwenye M-Pesa. Kwa sanamu moja, mara nyingi hubaki hasara.

Tena, tangu Agosti 29, 2025, Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mnunuzi wa Chicago sasa anafikiria mara mbili.

Kwa hiyo mwenye akili ya biashara hauzi moja moja. Huweka kando, robota baada ya robota, hadi afikishe fungu la ishirini au thelathini za kampuni moja, kisha hulituma kama mzigo mmoja, na Uingereza inaweza kuwa soko zuri kuliko Marekani. Hapo ndipo shilingi inapoonekana. Hili linahitaji mtaji wa kusubiri, na kusubiri ndicho kitu ambacho mchuuzi wa turubai hana. Kundi la akina mama la kuweka akiba, ambalo tayari huchanga kununua robota, lingeweza kumshikia mwenzao fungu hilo kwa miezi michache. Fedha si nyingi, na muundo upo tayari.

Soko lenyewe ng'ambo halijalala. Mwaka 2018 wanamieleka wawili, Matt Cardona na Brian Myers, walianzisha kipindi cha sauti cha kuzungumzia sanamu hizi tu. Mwaka uliotangulia, Mattel ilianza kutoa sanamu mpya zilizoigwa kutoka zile za Hasbro, ishara kwamba watu wazima walikuwa tayari kulipia utoto wao kwa mara ya pili. Zipo kampuni kama AFA zinazokagua sanamu, kuipa alama kwa mia na kuifungia ndani ya boksi la plastiki. Kwa mchuuzi wa Busia gharama ya kazi hiyo haina maana, ila kanuni yake ina maana: kinachopimwa ni hali ya kitu jinsi kilivyotoka kiwandani.

Jik na stilwaya

Na hapo ndipo thamani nyingi huuawa, kwa nia njema kabisa. Sanamu iliyochakaa ikifika, huloweshwa kwenye maji ya moto yenye Omo, ikasuguliwa kwa stilwaya, na kama bado ina doa hutiwa Jik. Inatoka inang'aa. Nyusi zimeondoka, nembo ya chupi imeondoka, na pamoja nazo sababu ya mkusanyaji kuitaka.

Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha. Baada ya hapo ikauke kivulini, maana jua la mchana hugeuza plastiki nyeupe kuwa manjano. Viungo visilazimishwe. Springi ijaribiwe mara moja, polepole. Mkanda, kiti cha kukunja, kofia au koti dogo likionekana mahali popote kwenye rundo lifungwe pamoja na mwenyewe, kwa kuwa vitu vidogo ndivyo vilivyopotea kwanza katika nyumba za huko vilikotoka.

Ogopa pia sanamu isiyo na maandishi yoyote. Nakala bandia zilitengenezwa tangu zamani, na nyingine ni mwili wa mmoja uliobandikwa kichwa cha mwingine.

Mtoto naye ana haki

Wapo wanaonuna wakisikia mazungumzo haya. Mzazi anayetoka Malaba na shilingi hamsini anataka zawadi ya mtoto. Akianza kukuta kila mwanamieleka amefichwa chini ya meza kungoja mteja wa London, atarudi nyumbani na nini? Sanamu mpya, halali, dukani Nairobi, haigusiki kwa pesa hiyo. Kwa hesabu ya mzazi huyu, mdoli una thamani pale tu unapochezewa, na hoja yake ni nzito.

Lakini lipo jambo la afya ambalo soko halijaliweka mbele. Plastiki laini za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kabla ya masharti ya sasa. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 1999 kuzuia baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki katika midoli ya kutiwa mdomoni, na Marekani ikakaza sheria yake, pamoja na viwango vya madini ya risasi, mwaka 2008. Sanamu ya zamani inayonata mkononi hata baada ya kuoshwa inatoa kemikali hizo polepole. Haifai kinywani mwa mtoto wa mwaka mmoja.

> Ya zamani iende kwa mkusanyaji, ya karibuni iende kwa mtoto. Mgawanyo huo unawafaa wote wawili.

Maslahi ya pande hizi mbili yanapatana zaidi ya yanavyoonekana. Zinazotafutwa ng'ambo ndizo zisizofaa kwa mtoto mchanga. Za Mattel na za mwisho za Jakks, ambazo mkusanyaji hazitaki, zimepita chini ya masharti makali zaidi na zina viungo vinavyokunjika vizuri. John Cena wa 2012 ni zawadi nzuri kwa shilingi hamsini, na hakuna mzee wa Birmingham anayemlilia.

Maofisa wa kaunti wa biashara hufundisha wachuuzi kuhusu leseni na ushuru wa soko. Saa moja ya kuonyesha picha za alama hizi, kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia, ingetosha kubadili jinsi robota linavyopangwa. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lingeongeza dakika kumi kuhusu plastiki inayonata.

Barabara hiyohiyo hadi Mukono

Lori linalotoka Malaba kwenda Kampala hupita Jinja, kisha Mukono. Huko Mukono, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, aliwakusanya vijana na kuanzisha Soft Ground Wrestling, mieleka inayochezwa kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa miti. Mwaka 2023 video zao zilienea duniani kote. Ni Waganda halisi, wenye majina ya ulingoni waliyojichagulia wenyewe, wakirukiana mbele ya umati wao.

Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana na kuwa bingwa wa WWE Aprili 7, 2019, ana sanamu kadhaa za Mattel. Kamala ana yake. Vijana wa Mukono bado hawajafikiwa na kiwanda kikubwa chochote.

Busia na Malaba kuna mafundi wa jua kali wanaoyeyusha alumini na kumimina sufuria kwenye kalibu za mchanga. Kalibu ya mwanamieleka wa sentimita 11 haiwashindi. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi na Soft Ground kuhusu majina na sura, mgao wa mauzo kwa wanamieleka wenyewe, namba ya toleo na mwaka vikichorwa chini ya unyayo, na idadi ndogo inayojulikana. Bidhaa hiyo, ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya, ingeweza kuvuka kituo cha pamoja kwa cheti rahisi cha uasili ambacho Hogan wa mitumba hakipati. Fundi wa kwanza atakayeketi na Bumba kuzungumzia mkataba huo atakuwa amelitangulia soko zima.